Mwaka Niliomkataza Sinyati Sukari

Simu ya msiba ilinikuta mezani, nimeshajidunga sindano ya asubuhi na uji unapoa mbele yangu. Aliyepiga alikuwa Nosim, mkwe wa Yeyo, kule Ololosokwan. "Dada Martina," alisema, "Yeyo ametutoka alfajiri. Tunakungoja." Nikasema poleni, nikasema nakuja, nikaweka simu chini, na uji wangu nikaunywa wote huku machozi yanadondokea kikombeni, maana mtu akishajidunga insulini halafu asile anatafuta kifo, na hilo nalijua sana. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, lakini hakuwa mama yangu. Alikuwa mama yake Sinyati, binti niliyeishi naye mwaka mmoja katika chumba kimoja hapa Karatu, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Kwao jina la marehemu halitajwi ovyo; tangu tumzike Sinyati walimwita "yule wa Karatu", basi. Mimi nitalitaja, wanisamehe. Watu wa hapa wanajua kwamba nilimtunza Sinyati alipokuwa anaumwa kisukari. Hata kanisani waliwahi kunitolea mfano. Hakuna aliyeniuliza nilimtunzaje, na mwenyewe sikuwahi kusema. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilijiambia kwamba siku moja nitapanda gari niende nikamweleze Yeyo ukweli, uso kwa uso. Sasa Yeyo amekufa, nami nimebaki na maneno yangu mdomoni.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Gisela, mtaa wa pili kutoka barabara kuu. Lami ilikuwa imefika Karatu muda si mrefu, na pamoja na lami vikaja vibanda vya chipsi. Kabla ya hapo ukitaka kula mjini ulikaa kwenye benchi ukaletewa makande au wali maharage. Sasa watu walikula wamesimama, chipsi mayai kwenye sahani ya plastiki, kachumbari juu, tomato inamwagika, soda baridi mkononi, dakika tano umemaliza. Mama Gisela naye alikuwa na kibanda chake mbele ya nyumba, na dirisha letu lilitazama karai lake. Ukiamka unanuka mafuta, ukilala unanuka mafuta, hata Biblia yangu ilinuka chipsi. Ndani tulikuwa na kitanda kimoja cha futi nne, jiko la mkaa, ndoo mbili, na pazia la kitenge lililotenganisha kitanda na vyombo. Sinyati alilala upande wa ukutani, amejifunika shuka lake jekundu alilotoka nalo kwao, ingawa blanketi langu zuri lilikuwepo. Nilipomwambia shuka limechakaa alicheka. "Hili linanijua, dada," alisema. "Blanketi lako bado tunaamkiana tu."

Alikuja Karatu kwa sababu ya friji. Ugonjwa wake uligunduliwa hospitali ya Wasso, karibu na kwao, akiwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika, anakunywa maji ndoo nzima kwa siku. Akaambiwa atajidunga insulini maisha yake yote na kwamba dawa hiyo inataka ubaridi. Kwao ubaridi ungetoka wapi? Binamu yake mmoja, Lazaro, alikuwa dereva wa watalii, akamwombea kazi ya kufua mashuka kwenye loji nilikokuwa nafanya mimi, juu kidogo ya mji, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Mpishi mkuu, Shefu Amnaay, alikubali chupa za insulini zikae kwenye mlango wa friji la jikoni, kati ya siagi na haradali, kwa sharti moja. "Wewe Martina ndiye mwenye dhamana," aliniambia mbele ya watu wote. "Wewe na huyu binti mtalala pamoja, mtakula pamoja. Akiumia nakuuliza wewe." Nilijisikia nimepewa cheo. Tangu siku ile nilimwamini zaidi Shefu aliyenipa dhamana kuliko Sinyati mwenye ugonjwa.

Kazi yangu ilikuwa kufunga lanchi boksi, zile za wageni wanaoteremka kreta, lile bonde la Ngorongoro, kuangalia wanyama. Saa kumi na moja alfajiri niko mezani na maboksi yangu yamepangwa mstari: mkate wenye jibini, paja la kuku wa kukaanga, yai la kuchemsha, ndizi, keki ndogo, juisi ya boksi, kipande cha chokoleti. Wageni wengi hawali hata nusu. Wanang'ata kuku, wanaonja keki, wanasema wameshiba, na madereva wanarudi na maboksi mazito kama yalivyoondoka. Basi saa kumi jioni nyuma ya jiko kulikuwa na sherehe. Wafua nguo, walinzi, watunza bustani, wote tumezunguka maboksi ya jana na leo, huyu anabadilisha ndizi kwa chokoleti, yule anaficha keki za watoto. Sisi tuliokulia ugali na mlenda tulijiona tumefika Ulaya. Na katikati ya ile furaha yuko Sinyati, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula yai lake moja taratibu na kuangalia midomo ya wenzake. Nilikuwa namwangalia yeye. Mkono wake ukielekea kwenye keki nilikuwa nakohoa, naye anaurudisha.

Lazaro ndiye aliyetuletea soda ya zero ya kwanza. Ilikuwa kopo jeusi, jembamba kuliko makopo tuliyoyazoea, na wakati ule madukani Karatu hakikuwepo kitu kama hicho. Alilitoa kwenye gari amelishika kwa mikono miwili. "Wazungu wenye sukari wanakunywa hii," alisema. "Tamu kabisa, lakini sukari hamna. Hata chembe!" Tukagawana kopo lile kwa kijiko kama dawa ya kikohozi. Sinyati alifumba macho. Ilikuwa mwezi wa nne hajaonja kitu kitamu, akacheka mpaka akapaliwa, nami nikalia kwa furaha, sioni aibu kulisema. Tangu hapo Lazaro alikuwa anatukusanyia makopo yaliyobaki kwa wageni, nami niliyapanga chini ya kitanda na kuyalinda. Nilianza kuyaita dawa. Hakuna aliyeniambia ni dawa. Niliona tu kwamba ni soda ya mgonjwa wa sukari, na akili yangu ikamalizia yenyewe. Niliamini kabisa kwamba zero inashusha sukari mwilini, na majirani nikawafundisha hivyo hivyo.

Kuna jambo moja la mwaka ule ambalo likinijia hata leo naacha ninachofanya. Alikuja mzee mmoja Mjerumani, mgeni wetu wa siku tatu, naye alikuwa na kisukari cha sindano kama Sinyati. Asubuhi aliingia jikoni mwenyewe, mrefu, mpole, akaniomba kwa ishara nimwekee zero kwenye boksi lake. Nikaweka. Halafu akatoa mfukoni pakiti ya pipi na vipakiti vinne vya sukari alivyochukua mezani, akaviweka mwenyewe kando ya mkate, akapigapiga juu ya boksi na kuniangalia, kuhakikisha nimeona. Alipotoka nilimwambia Shefu, "Huyu babu mlafi! Anakunywa zero mchana, na pipi anaficha za kula mafichoni." Tukacheka jiko zima. Niliona kila kitu kwa macho yangu, nikafunga boksi kwa mikono yangu, na sikujifunza chochote zaidi ya kumcheka mzee wa watu.

Nyumbani nikaweka sheria. Chipsi marufuku. Ndizi marufuku. Ugali, kipande kisichozidi ngumi ya mtoto. Uji bila sukari, nusu kikombe. Chai kavu. Loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando aliyoyapenda kuliko vyote, nikamkatalia kwa kuwa nilisikia kwa mtu kwamba mahindi nayo ni sukari. Kila Alhamisi Sinyati alikwenda kliniki peke yake, mimi nikiwa kazini, na akirudi alijaribu kunieleza. "Muuguzi amesema nikishajidunga ni lazima nile, dada. Nishibe." Nami namjibu, "Muuguzi hakuoni unavyotamani keki." Kumbe nilikuwa nachukua maneno ya kliniki yanayonipendeza, yale ya kukataza, na mengine nayatupa. Na Sinyati hakuwa mtu wa kubishana. Kwao mdogo hambishii mkubwa, anainamisha kichwa aguswe utosini na anyamaze, na mimi nilikuwa mkubwa, chumba kilikuwa changu, na chupa zake zilikuwa kwenye friji nililopewa dhamana. Siku moja tu alinijibu. "Dada," alisema, "unanichunga kama ndama wa kuachishwa. Lakini ndama ana majani, mimi nina nini?" Nikacheka, nikampa tango.

Alianza kukonda tena. Alianza pia kuwa na hasira za ghafla, yeye ambaye hakuwa na neno na mtu. Saa sita mchana kwenye kamba za kuanikia alikuwa anakaa chini ghafla, jasho linamtoka huku upepo wa kreta unavuma baridi. Nikasema sukari imepanda. Nikapunguza ugali zaidi. Jioni moja nilikuwa nyuma ya pazia navua viatu, nikamsikia Mama Gisela nje anamwambia mteja wake, "Yule binti wa Kimasai atakufa na njaa humo ndani. Ana dada kama askari jela." Mteja akauliza kwani si mgonjwa? "Mgonjwa ndiyo," Mama Gisela alisema, "lakini mgonjwa naye si anakula?" Nilitoka pale nimewaka. Nikamwambia yeye ndiye muuaji, na mafuta yake yanayochemshwa wiki nzima, na soda zake, watu wa Karatu wote watakuja kuoza miguu kwa sababu yake. Alinitazama tu, amesimama na kijiko cha kugeuzia mayai. Kisha akarudi kwenye karai.

Wiki ileile nilimkamata Sinyati kibandani. Kulikuwa na madereva wanne, Lazaro akiwemo, naye Sinyati amesimama katikati yao, sahani ya chipsi mayai mkononi, anakula haraka haraka kwa vidole, kijiti chenyewe hajakitumia, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, nikadhani anatetemeka kwa kuniona. Nikaipokonya ile sahani nikaimwaga chini. "Huoni aibu?" nilimwambia mbele ya wanaume wale. "Watu wanahangaika na uhai wako, wewe unauza roho yako kwa viazi!" Lazaro akasema, "Martina, taratibu basi." Nikamwambia anyamaze, yeye ndiye anayemdekeza. Sinyati alibaki anaziangalia zile chipsi kwenye vumbi. Nilivyomjua, kama nisingekuwepo angeziokota. Alinifuata hadi chumbani, akanywa kopo zima la zero nililompa, akalala mchana ule mpaka jioni, na alipoamka aliniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi! Nikamsamehe, nikajiona mkarimu.

Kisha nikazikuta pipi. Nilikuwa natandika kitanda, nikavuta lile shuka jekundu, nikahisi fundo kwenye ncha yake. Nikalifungua. Pipi saba za ndimu, zile za karatasi ya kijani zilizokuwa zinauzwa kila duka. Nilimngoja nimekaa kitandani nimezipanga magotini. Alipoingia alizitazama, akatazama uso wangu, akabaki mlangoni. "Ni za dawa, dada," alisema. "Muuguzi aliniambia nisiachane nazo. Nikisikia kutetemeka, nile." Nilicheka kwa kebehi. Muuguzi gani, nikamwuliza, atampa mgonjwa wa sukari sukari? Si amwambie tu akajinyonge? "Twende wote Alhamisi ukamwulize," alisema. Na hapa nataka niwe mkweli mpaka mwisho. Ningeweza kwenda. Ilikuwa msimu wa wageni, maboksi hamsini kila asubuhi, lakini Shefu angenipa ruhusa, hakuwahi kuninyima. Sikwenda kwa sababu sikutaka kukosea. Nilikuwa nimeshakuwa Martina mtunza mgonjwa, Martina aliyesifiwa, na ningeenda wapi na sifa zile kama muuguzi angesema Sinyati ndiye mkweli? Nikatoka nje nikawagawia watoto wa Mama Gisela zile pipi zote saba. Nilirudi nikamwambia, "Siku nyingine usinidanganye."

Mwezi uliofuata alikwenda kwao likizo ya siku tano, insulini kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Nilimpa Lazaro ujumbe apeleke kwa Yeyo, neno kwa neno: sukari ni sumu kwa huyu mtoto, hata kijiko kimoja, hata akilia. Aliporudi nilimwuliza wamemlisha nini. "Walifanya ulivyosema," alinijibu, akajifunika shuka lake, akageukia ukuta.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Asubuhi alijidunga pale jikoni kama kawaida, akanywa nusu kikombe cha uji na kula yai, mbele ya macho yangu. Alifua mpaka saa sita, akatangulia kurudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilifika saa nane. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni limelowa kama aliyenyeshewa, macho yananitazama na hayanioni. Anaongea Kimaasai. Nilipomshika alinipiga kofi mkononi, yeye, Sinyati, akasema kwa Kiswahili, polepole kama mlevi, "Pipi zangu. Nipe pipi zangu." Kilichonipanda kwanza kilikuwa hasira. Mungu anajua. Nikasema, hata sasa, katika hali hii, bado anawaza pipi! Nikapiga kelele, Mama Gisela akaja mbio, mikono ina maganda ya viazi. Alimtazama mara moja tu. Akatoka, akarudi na soda ya machungwa ameshaifungua kwa meno. "Mpe hii," alisema, "huyu amezidiwa na njaa, mpe anywe." Nikausukuma mkono wake, soda ikamwagika kwenye sakafu yote. "Unataka kumuua?" nilimwambia. Nikainama chini ya kitanda nikatoa zero. Nikamwegemeza Sinyati kifuani kwangu, nikamnywesha funda baada ya funda, naye anameza, mtoto wa watu, anameza kwa nguvu zake zote kwa sababu ni tamu na alidhani nimemhurumia. Kopo la kwanza likaisha. Nikafungua la pili. Nilikuwa namwambia, "Kunywa, itashuka sasa hivi, kunywa mdogo wangu." Akaacha kumeza katikati ya kopo la pili.

Lazaro alitupeleka hospitali kwa gari la watalii, upepo baridi ukiingia dirishani, kitabu cha ndege kwenye kiti. Walimchukua, wakamtundikia maji, wakakimbia huku na huku. Baadaye daktari akatoka, kijana tu, pengine rika langu, akakaa karibu yangu na karatasi yake ya maswali. "Kabla hamjamleta," aliniuliza, "mlimpa kitu chochote chenye sukari?" Niliinua kichwa kwa majivuno, jamani, kwa majivuno! "Hapana daktari," nilisema. "Hata tone. Nilimpa zero." Aliacha kuandika. Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtoto, kwamba sindano ile inashusha sukari, na mtu asipokula inashuka mpaka ubongo wenyewe unaikosa, na dawa yake ni sukari, sukari yenyewe, chai ya sukari, soda ya kawaida, pipi. Alisema pipi. Nilimwomba arudie. Akarudia. Sikulia pale. Nilihesabu tu moyoni pipi saba kwenye mikono ya watoto, na soda ya machungwa inakauka sakafuni, na babu wa Kijerumani anapigapiga juu ya boksi lake. Sinyati hakuamka tena. Alikaa siku tatu, na siku ya tatu alikuwa amekwisha.

Tulimpeleka Ololosokwan, shuka lake jekundu magotini mwangu, siku nzima ya vumbi. Baada ya kuzika wanawake walinikalisha ndani kwa Yeyo, kwenye giza la moshi, wakanipa chai ya maziwa. Haikuwa na sukari. Nyumba nzima ilikuwa imeacha sukari, waliniambia, tangu ujumbe wangu ulipofika. Yeyo alikuja akaketi karibu yangu kwenye ngozi, akashika kiganja changu. Alikuwa anajua Kiswahili kidogo. "Martina," alisema, "alipokuja likizo, siku moja aliniomba kijiko cha sukari. Alikuwa anatetemeka. Alilia kama mtoto mdogo. Sukari ya wageni ilikuwepo, nikaificha, nikamnyima." Akaniinulia uso. "Nilifanya vizuri?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Daktari alikuwa amenipa jibu lote siku nne kabla. Nikamtazama yule mama, nikaona nikisema kweli namwua naye, na nikaona pia, mbele kabisa, kwamba nikisema kweli nitajulikana. Nisiseme ni huruma peke yake. "Ulifanya vizuri, Yeyo," nilimwambia. Akakibana kiganja changu, akasema asante kwa kumlinda mtoto wake na sukari.

Na miaka yote iliyofuata alinitumia samli. Kila baada ya mvua gari la Wasso lilisimama Karatu na kondakta akaniita jina, kibuyu kidogo kimefungwa kwa ngozi, salamu za Yeyo. Nikila najiona mwizi, nisipokula najiona namtukana, basi nilikula. Niliacha kazi ya lanchi boksi mwaka uleule. Mama Gisela hakuwahi kusema neno kwa mtu kuhusu ile soda aliyofungua kwa meno, wala mimi sikuwahi kumwomba msamaha, akahamia Babati tukapotezana. Miaka sita iliyopita na mimi nikaambiwa nina kisukari, na mwaka jana vidonge vikashindwa nikaanza sindano. Nilimpigia Nosim nikamwambia na mimi sasa najidunga, amwambie Yeyo asitume tena samli nyingi. Siku hizi zero zimejaa kila duka, na kwenye kila harusi kuna mtu mwema ananiwekea moja mbele yangu bila kuuliza. Naisukuma kando. Wanadhani nina madaha.

Basi nilikwenda kumzika Yeyo. Nilijidunga sindano yangu alfajiri, nikala mkate garini, lakini gari liliharibika kabla ya Wasso tukakaa barabarani saa nyingi, na haraka ya kutoka nyumbani ilinifanya nisahau pochi yangu ya pipi kwenye meza. Nilipofika bomani Ololosokwan walikuwa wameshazika. Nilisimama pale mlangoni jasho linanitoka. Nosim alinipokea, akanitazama usoni, akanikalisha kwenye ngozi ileile kwa Yeyo. "Kuna mzigo wako," alisema. Nikamwambia, kwa kuwa sikuweza kuvumilia tena, nikamwambia yeye badala ya marehemu: pipi, chipsi, soda ya machungwa, zero, uongo wangu. Nilisema yote hovyo hovyo, ulimi mzito. Nosim alisikiliza mpaka mwisho.

"Yeyo alikuwa anajua," alisema. "Miaka mingi sasa. Alikuja muuguzi hapa zahanati kutufundisha akina mama, akasema mgonjwa wa sukari akitetemeka mpeni sukari upesi. Yeyo aliinuka katikati ya mafunzo akatoka. Nilimkuta kwenye zizi la ndama, amekaa chini, jua limezama hajainuka. Akaniambia, 'Kumbe Martina alinidanganya kwa sababu ya huruma. Usimwambie najua.' Kesho yake aliamka akatikisa maziwa ya samli yako kama kila mwaka."

Akainuka, akaenda penye kitanda cha Yeyo, akarudi na shuka jekundu lililopauka, nikalijua kabla hajafika. Ncha moja ilikuwa na fundo. Alilifungua yeye, maana vidole vyangu havikuweza. "Tangu asikie unajidunga alikuwa ananunua pipi dukani moja moja anaweka humu, kama yule wa Karatu alivyomsimulia likizoni," Nosim alisema. "Alisema, 'Mpeni Martina. Mwambieni azifiche vizuri, asije mtu akamnyang'anya.'"

Nikachukua moja, nikaimenya kwa meno, nikaitia mdomoni mbele ya wafiwa wote. Ilikuwa ya ndimu.